UZI: Mchele uliochachushwa kwenye vipodozi. Kinachofanya kazi kweli, na tunachouziwa kwa jina hilo huku Kusini

BintiShangani (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu msimu wa korosho uanze, haipiti wiki bila mteja kuingia dukani na kuniuliza, "Dada, ile ya mchele unayo?" Ukimuuliza ipi, mmoja anataka tona (majimaji ya kupaka usoni baada ya kunawa) ya Kikorea aliyoiona kwenye simu ya mwenzake. Mwingine anataka sabuni ya koji. Wa tatu anataka nimwelekeze kuchachusha maji ya mchele nyumbani. Wa nne anakuonyesha picha ya kopo lenye suke la mpunga na sura ya msichana mweupe, halina jina la kiwanda wala orodha ya kilichomo. Vyote hivyo vinaitwa "ya mchele", na havifanani kwa kazi wala kwa usalama.

Nimesomea sayansi ya chakula, na katika yote niliyofundishwa uchachushaji ndio ulionikaa moyoni. Sasa nauza vipodozi hapa Mtwara mjini. Naandika kwa sababu jambo hili lina faida ya kweli, na sipendi kuona watu wanajificha nyuma yake kuuza sumu. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Tuanze na uchachushaji wenyewe. Mama anayepika vitumbua anachachusha mchele kila siku. Anauloweka usiku, anausaga na tui, anatia sukari na hamira, anaacha rojo liumuke. Hamira ni chachu hai, jina lake la kitaalamu Saccharomyces cerevisiae. Inakula sukari, inatoa hewa na kilevi kidogo, ndiyo maana rojo linafura na kutoa ile harufu. Ila chachu hii haiwezi kula wanga wa mchele moja kwa moja. Inataka sukari.

Wajapani walilimaliza tatizo hilo karne nyingi zilizopita kwa kutumia kuvu. Mchele unapikwa kwa mvuke, unanyunyiziwa mbegu za kuvu iitwayo Aspergillus oryzae, unalazwa mahali penye joto kwa siku mbili hivi mpaka kila punje ivae utando mweupe. Mchele huo ndio koji. Kuvu inatoa vimeng'enya: vingine vinakata wanga kuwa sukari, vingine vinakata protini kuwa vipande vidogo na amino asidi. Chachu ikiingia hapo inakuta chakula kiko tayari, na mwisho wake inapatikana sake, pombe yao ya mchele. Wakorea wana makgeolli, yenye rangi kama ya maziwa, na wao wanaianzisha kwa nuruk, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano. Halafu kuna njia ya tatu isiyo na pombe kama lengo: bakteria wa jamii ya Lactobacillus, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi, wanageuza sukari kuwa asidi ya laktiki.

Ngozi inafaidikaje? Tabaka lake la juu lina akiba ya vitu vinavyoshika maji ili lisikauke. Karibu asilimia 40 ya akiba hiyo ni amino asidi, na asidi ya laktiki imo pia. Ukichuja maji ya mchele uliochachushwa vizuri unakuta hivyohivyo: amino asidi, asidi ya laktiki, sukari ndogondogo. Unairudishia ngozi vitu inavyovifahamu. Pia ngozi yenye afya ina uchachu, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mwingi) ni kama 4.5 hadi 5.5, wakati sabuni nyingi za mche zinafika 9 au 10. Ukinawa kwa sabuni kisha ukapaka kitu chenye uchachu mdogo, unaisaidia irudi kwenye hali yake mapema.

Kuna na kilichomo kwenye pumba. Asidi ya feruliki, inayopunguza madhara ya jua na moshi, iko zaidi kwenye pumba kuliko kwenye kiini cheupe, na sehemu kubwa imefungwa kwenye nyuzinyuzi. Uchachushaji unafungua kiasi chake. Wanawake wa Japani ya zamani walikuwa wanafunga pumba kwenye kifuko cha kitambaa, wanakilowesha, wanajisugulia uso. Sisi pumba tunawapa kuku.

Sasa ile hadithi ya mikono. Chapa ya vipodozi ya SK-II, iliyoanza Japani mwaka 1980, inasimulia kwamba watafiti waliwaona watengenezaji wa sake waliozeeka wana nyuso zenye makunyanzi lakini mikono laini kama ya vijana, wakaanza kuchunguza chachu moja baada ya nyingine. Walichokipata wanakiita Pitera. Lakini geuza chupa usome nyuma: jina lililoandikwa ni Galactomyces Ferment Filtrate. Hayo ni majimaji yaliyochujwa kutoka kwa kiumbe jamii ya chachu. Neno la mchele, yaani Oryza sativa au "Rice", halimo kwenye jina hilo. Watu wengi wananunua wakiamini ni maji ya mchele ya bei mbaya, na siyo. Kuna majaribio ya maabara yanayoonyesha kwamba majimaji hayo yanazisaidia seli za ngozi kujenga ukuta wake, ila kumbukeni kwamba sehemu ya tafiti hizo imefanywa kwa mkono wa kampuni yenyewe.

Ukitaka mchele uliochachushwa kweli, tafuta Saccharomyces/Rice Ferment Filtrate, au Lactobacillus/Rice Ferment, au Aspergillus/Rice Ferment. Neno la mbele ni kiumbe kilichofanya kazi, la pili ni kilichofanyiwa. Ukikuta Oryza Sativa Extract peke yake, huo ni mchele uliokamuliwa tu bila kuchachushwa. Si kitu kibaya. Tona ya chapa ya Kikorea iitwayo I'm From inajulikana kwa kuwa na asilimia 77.78 ya mchele wa namna hiyo, na Relief Sun ya Beauty of Joseon, ambayo ni krimu ya kuzuia jua, ina asilimia 30. Na angalieni mpangilio: viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, mpaka vinapofika chini ya asilimia moja. Mchele ukiutaja kwa herufi kubwa mbele ya chupa, halafu nyuma umekaa baada ya manukato, basi umetiwa kwa ajili ya jina.

Halafu asidi ya koji. Hii aliigundua Mjapani Saito mwaka 1907 kwenye koji, ndiyo asili ya jina lake. Kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi kinahitaji shaba ili kifanye kazi, na asidi ya koji inaishika ile shaba. Ndiyo maana inapunguza madoa. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 umeweka kikomo cha asilimia 1 kwa bidhaa za uso na mikono. Kwa hiyo mtu akikuuzia krimu ya "koji asilimia 20", ama anakudanganya, ama anakuuzia balaa. Na ni kiambato kisichokaa: kikipigwa na mwanga na hewa kinageuka rangi ya kahawia. Kopo ulilolinunua likiwa jeupe likaanza kuwa kama chai ya maziwa, kazi yake imeshapungua.

Nimalizie na linaloniuma. Mchele uliochachushwa HAUFANYI mtu mweusi awe mweupe. Unalainisha, unashika maji, unaipa ngozi mng'ao wa afya, na kwa muda unaweza kusaidia madoa kidogo. Krimu "ya mchele" ikikutoa rangi mwili mzima kwa wiki mbili, kilichofanya kazi si mchele. Ni zebaki, au haidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya steroidi. Vyote hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaacha weusi wa bluu-bluu kwenye mashavu ambao hautoki. Steroidi zinaifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na ukiacha uso unawaka moto. Mama mmoja alikuja dukani amejifunika khanga mpaka puani, akafungua tu tulipobaki wawili. Mashavu mekundu, ngozi inang'aa kama ya kovu bichi, vipele kuzunguka mdomo. Alikuwa anapaka "mchele" wa kopo lisilo na lebo. Nilimpeleka hospitali siku ile ile, kwa sababu steroidi haziachwi kienyeji, zinataka daktari.

Karibuni kwa maswali.

---

Mwana wa Kitere

Dada Shangani, shukrani sana, huu uzi nimeuhifadhi. Sisi huku ni wakulima wa mpunga, mchele haununuliwi. Naomba utuwekee namna ya kuchachusha nyumbani hatua kwa hatua. Na je, mchele wetu unafaa au mpaka ule wa Kikorea?

---

BintiShangani

Kaka, mchele wa Kitere unafaa kabisa. Kama una ule wa kukoboa kidogo ambao bado una pumba kiasi, huo ni bora zaidi.

Chukua nusu kikombe. Maji ya kwanza mwaga, yana vumbi la ghala na pengine dawa ya wadudu. Tia vikombe viwili vya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, koroga kwa mkono mpaka yawe meupe, acha nusu saa, chuja. Hayo ni maji mabichi ya mchele na unaweza kuyatumia papo hapo usoni: unapaka kwa pamba, unaacha dakika kumi, unasuuza.

Ukitaka yachachuke, yatie kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, mfuniko uulegeze hewa itoke, weka kivulini. Mitandaoni wanaandika siku moja mpaka mbili. Hao wanaishi kwenye baridi. Kwa joto letu, hasa kuanzia Oktoba, ukiweka jioni asubuhi mara nyingi yako tayari. Harufu iwe ya uchachu safi kama mtindi. Ikinuka kama kitu kilichooza, mwaga. Ukiona utando wa kijani, mweusi au wa waridi, mwaga na chupa uichemshe upya. Usiengue juu ukatumia cha chini.

Hapa nieleze kwa nini nasisitiza. Kuvu ya koji ni ya kufugwa, imechaguliwa kwa vizazi na haitengenezi sumu. Ndugu yake wa porini, Aspergillus flavus, ndiye anayetengeneza sumukuvu. Mnakumbuka mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walivyopoteza maisha kwa mahindi yenye sumukuvu. Ukungu unaojitokea wenyewe jikoni kwako hujui ni ndugu yupi. Halafu mchele una mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na hizo hazifi kwa kuchemsha. Ndiyo maana wali uliolala nje unasumbua tumbo. Kwa hiyo maji haya usiyapake kwenye kidonda, kwenye chunusi iliyopasuka, wala karibu na macho.

Msimamo wangu, na wengine wanaweza wasikubali: ya nyumbani yaliyochachuka yatumie kwenye nywele na usuuze. Kuna watafiti wa Japani waliochapisha mwaka 2010 kuhusu maji ya kuoshea mchele ambayo wanawake wa enzi za Heian, Japani ya miaka elfu moja hivi iliyopita, walisuuzia nywele zao ndefu, wakakuta nywele zinapungua msuguano na zinanyumbuka zaidi. Wanawake wa Kiyao wa kijiji cha Huangluo kule China, wanaojulikana kwa nywele ndefu, nao wanatumia yaliyochachushwa. (Jina tu limefanana, hawana undugu na Wayao wetu wa Masasi na Tunduru.) Kwa uso, tumia mabichi ya siku hiyo hiyo. Ukitaka yaliyochachushwa ya kulala nayo usoni, nunua ya kiwandani yenye kihifadhi, kwa sababu pale wameamua kiumbe gani kiingie, na wamekichuja kabla hakijakufikia.

---

UkhtiMtanda (Lindi)

Assalaam alaykum. Mimi swali langu ni la dini. Umesema sake na makgeolli, hizo ni pombe. Mtu anapaka kisha anaswali?

---

BintiShangani

Waalaykum salaam ukhti. Hukumu waulize masheikh, mimi si mahali pangu. Ninachoweza ni kukupa maelezo ya kuwapelekea.

Mchele uliochachushwa na Lactobacillus, kinachotengenezwa hasa ni asidi ya laktiki, kama kwenye mtindi. Uliochachushwa na kuvu ya koji peke yake, kabla chachu haijaingia, unatoa sukari na amino asidi. Kilevi kinaletwa na Saccharomyces. Kwenye bidhaa za namna hiyo kiwandani huwa kuna hatua za kuchuja na kusafisha, na kilevi kinachobaki kinategemea kampuni. Kikiwa kimetiwa makusudi utakiona kwenye orodha kimeandikwa Alcohol au Alcohol Denat. Majina kama Cetyl Alcohol na Cetearyl Alcohol yasikutishe, hayo ni mafuta mazito ya kulainisha, hayalevyi. Na zipo bidhaa zenye nembo ya halali. Kama moyo unasita, chagua ya Lactobacillus na wasiwasi utapungua.

---

MamaKorosho

Mwanangu nimesoma mpaka hapo kwenye mikono ya hao wazee wa Japani nikaangalia ya kwangu. Mimi ni mbanguaji, miaka mingi. Vidole vimebabuka vikapona, vikababuka tena, sasa vina weusi usiotoka, na kiganjani ngozi inamenyeka. Hayo maji yatanisaidia?

---

BintiShangani

Shikamoo mama. Hili acha nilijibu taratibu.

Ganda la korosho lina mafuta makali, ndani yake kuna asidi ya anakadi na kadoli. Yanaunguza ngozi kabisa, na kwa baadhi ya watu mwili unajenga mzio, ndiyo maana mwingine akigusa kidogo tu anavimba. Ngozi yetu nyeusi ikiungua au ikiwashwa kwa muda, inajibu kwa kuzalisha rangi nyingi pale palipoumia. Weusi ulio nao vidoleni ni kovu la rangi. Hauji mara moja, unajengwa na kila kuungua, kwa hiyo dawa yoyote utakayopaka wakati mafuta yanaendelea kugusa mkono ni kazi bure.

Kwanza kinga. Kiwandani dai glavu, ni haki yako. Nyumbani ambako wengi wanabangua kwa kipande, najua glavu za mpira zinachosha na kidole hakishiki vizuri, basi angalau za kitambaa ndani na mpira juu, na ubadilishe zikitoboka. Wale wanaopaka mafuta ya kula au majivu kabla ya kushika korosho wanafanya jambo lenye maana, mafuta yanaweka kizuizi, lakini lazima yapakwe upya mara kwa mara. Ukimaliza kazi, futa kwanza kwa mafuta na kitambaa kikavu, halafu ndipo unawe kwa sabuni. Ukianza na maji unayatandaza.

Pili, palipo wazi au panapomenyeka sasa hivi USIWEKE kitu kichachu. Wala maji ya mchele yaliyochachuka, wala ndimu, wala sabuni ya koji. Itawaka na itazidisha weusi. Paka mafuta ya mgando mazito usiku, vaa soksi safi za pamba mikononi, lala nazo. Ngozi ikishafunga kabisa, hapo losheni yenye asidi ya laktiki inafaa, inamenya taratibu tabaka lililokufa na inashika maji. Ukipata yenye niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ndani, vizuri zaidi. Asidi ya koji ya asilimia 1 iwe ya mwisho, jaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku kadhaa, kwani yenyewe ina watu inaowaletea mzio. Hesabu miezi mama, si wiki. Na kama mikono inavimba na kutoa maji, nenda hospitali ya Ligula hapa Mtwara ukamwone daktari wa ngozi, usipake chochote cha dukani, hata cha kwangu.

---

MamaKorosho

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kufuta kwa mafuta kabla ya maji sikuijua. Nitawaambia na wenzangu.

---

Fundi_Mikindani

Mkuu, bibi yangu alikuwa anasugua liwa kwenye jiwe na kuichanganya na maji ya waridi. Nikimtengenezea mke wangu liwa na maji ya mchele kuna ubaya? Na mimi binafsi nasumbuliwa na vipele vya ndevu, kinyozi ameniambia nipake maji ya mchele yaliyochacha nikishanyoa.

---

BintiShangani

Liwa na maji mabichi ya mchele ya siku hiyo ni mchanganyiko mzuri, mpendezeshe mke wako. Usiuchanganye ukauweka kwenye kopo, tengeneza wa kutosha siku moja.

Kinyozi msikilize kwenye mambo mengine. Uso uliotoka kunyolewa umejaa michubuko usiyoiona, na hapo ndipo bakteria wanapotafuta mlango. Vipele vya ndevu vinatokana na unywele uliojikunja kurudi ndani ya ngozi. Acha ndevu ziwe fupi badala ya kunyoa mpaka ngozini, nyoa kufuata zinapoelekea, na paka kitu kisicho na manukato.

---

Bi_Newala

Dada, huku juu Newala mwanangu wa miaka mitatu ana ukavu wa ngozi unaomwasha usiku, wanasema ni pumu ya ngozi. Maji ni ya kununua, siwezi kumwogesha maji mengi. Yaliyochachushwa yanamfaa mtoto?

---

BintiShangani

Mama, yaliyochachushwa hapana, sio kwa mtoto mwenye ngozi iliyopasuka. Ila mchele wenyewe una habari njema. Ubelgiji mwaka 2002 walichapisha utafiti wa wanga wa mchele uliotiwa kwenye maji ya kuoga. Ngozi iliyokuwa imeharibiwa kwa sabuni kali iliponea vizuri zaidi kwa kama asilimia 20 baada ya kukaa kwenye maji hayo dakika 15 mara mbili kwa siku, na kwa wagonjwa wa pumu ya ngozi pia ukuta wa ngozi uliimarika. Huo ulikuwa wanga mtupu, haujachachuka.

Kwa shida yenu ya maji, huhitaji beseni kubwa. Maji ya pili ya kuoshea mchele, yale meupe ya leo leo, chovya kitambaa laini, mwekee sehemu kavu dakika kadhaa, kisha kabla ngozi haijakauka kabisa mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Hapo kwenye kupaka ngozi ikiwa bado na unyevu ndipo penye faida kubwa. Sabuni weka kwapani, makalioni na miguuni tu. Na mpeleke kliniki, asiwashwe usiku akakosa usingizi.

---

Kijana_Chuo

Mimi ni mwanafunzi, bajeti ndogo. Nina madoa ya chunusi. Seramu ya mchele uliochachushwa au krimu ya jua, nianze na ipi?

---

BintiShangani

Jua. Mtwara na Lindi tuko kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, maana yake jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, Oktoba katikati kuelekea mwisho na tena Februari. Doa unalolifuta usiku kwa seramu linachorwa upya mchana ukitembea kutoka hosteli kwenda darasani. Kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana unazidisha madoa, kwa hiyo krimu ya jua yenye rangi, ile inayotiwa oksidi za chuma, inakinga zaidi kuliko nyeupe. Ukipata pesa baadaye, tona ya mchele iwe ya pili. Vaa kofia hata sasa hivi.

---

Kusi_Kilwa

Naomba kujua tukikuta yale makopo yasiyo na lebo tunaripoti wapi? TFDA?

---

BintiShangani

Zamani ndiyo. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, na wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara. Piga picha kopo pande zote, andika duka na tarehe, usilitupe, wanalihitaji kulipima. Zebaki haionekani kwa macho wala haina harufu.

---

Mwana wa Kitere

Dada, la mwisho. Shambani friji hatuna. Yaliyochachuka yanakaa siku ngapi?

---

BintiShangani

Bila friji, ni ya siku hiyo hiyo kaka. Yanaendelea kuchacha hata ukiwa umelala, asubuhi ya pili yanaweza kuwa makali ya kuwasha kichwa. Kwenye friji siku tatu. Tengeneza kidogo jioni ya kuamkia siku ya kuosha nywele, shemeji apake baada ya shampuu, akae dakika kumi, asuuze kwa maji mengi. Yatakayobaki mwagia kwenye mchicha.